Gesi ya Ng'ambo na Jina la Sista Pam

Sista Pam Akong'o, muuguzi, alitoka Homa Bay akaletwa kwetu, hospitali ndogo ya misheni upande wa Nyamira, akapewa chumba cha watoto wachanga. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Mimi nilikuwa mpishi hapo, na nilimwonea huruma, maana Ekegusii, lugha ya huku, hakukijua hata cha kuombea maji. Wagonjwa walimsema mbele yake naye akitabasamu tu. Aliyemshika mkono ni Nyamusi, muuza ndizi wa Keumbu. Alimfundisha lugha, akamkaribisha kwake, akamwita dada. Pam hakuwa na ndugu huku, basi akampenda kwa moyo mzima. Kupenda hivyo ni kujitafutia makubwa, lakini nani angemwambia?

Miaka miwili baadaye Nyamusi akajifungua hapo hapo, mtoto wa kiume, mkubwa, aliyechelewa kuzaliwa. Alikuwa amevuta maji machafu ya uzazi yakaingia kifuani. Midomo ilikuwa ya buluu, na mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Pam akamwekea puani ule mpira mwembamba wa oksijeni kutoka kwenye mtungi, akakaa naye kutwa. Chai niliyompelekea ilipoa bila kuguswa.

Jioni, mtoto alipoanza kupata rangi kidogo, Nyamusi akauliza kama hakuna dawa nyingine yenye nguvu zaidi. Kwa kuwa aliyeuliza ni rafiki, Pam akamjibu kirafiki, bila kuficha kitu. Akamweleza kwamba mishipa ya damu katika mapafu ya mtoto imejikaza, damu haipiti vizuri kuchukua hewa. Kwenye semina Kisumu daktari mmoja aliwasimulia kuhusu gesi mpya huko ng'ambo, naitriki oksaidi, ambayo mtoto huivuta kidogo tu pamoja na oksijeni, na mishipa hiyo ikalegea.

"Kwetu haijafika," akasema. "Huku tuko na oksijeni tu, na inamsaidia. Usikubali mtu yeyote atoe huu mpira. Umenisikia, dada?"

"Nimesikia," Nyamusi akasema.

Nilikuwa hapo nikikusanya vikombe. Nililisikia swali, na jibu nikalisikia.

Asubuhi akaja mumewe, Onchiri. Sijui Nyamusi alimweleza nini, lakini kichwani mwa bwana huyo iliingia nusu moja tu ya habari: gesi nzuri ipo, na ya hapa siyo. Tena alikuwa ameona kliniki moja Kisii mjini ikishusha mitungi ya rangi ambayo hakuwahi kuiona. Akakata shauri kwamba hiyo ndiyo ya ng'ambo. Pam alipokwenda leba kumsaidia mama mwingine, wakautoa mpira, wakamfunga mtoto kwa shuka, wakaondoka kwenda Kisii. Hawakufika hata Keumbu. Mtoto alikata pumzi njiani, mikononi mwa mama yake.

Baada ya maziko Onchiri akarudi na wazee wa ukoo, wamekasirika kwelikweli. Metroni akawaita wote ofisini. Mimi nilipeleka chai, na nikaimimina polepole makusudi.

"Sista mwenyewe alisema gesi ya hapa si mzuri," Onchiri akasema. "Sasa sisi tungefanya nini?"

Metroni akamgeukia Nyamusi. "Alisema mumtoe mtoto?"

Pam alimtazama rafiki yake bila wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na hakika naye. Nyamusi akainamisha kichwa.

"Alisema."

Chai ikanimwagikia mkononi. Nikapaza sauti kwamba ni uongo, kwamba nilikuwapo. Metroni akaniambia nirudi jikoni. Mpaka leo naona uchungu. Najua Nyamusi alikuwa na msiba, na najua angerudi kulala nyumba moja na mwanamume yule. Najua yote hayo, na bado sijamsamehe. Pam akapewa onyo ili wazee watulie. Alikuja kwangu jikoni akakaa juu ya debe.

"Angesema amesahau, nisingeumia hivi," akasema. Kisha akalia kama mtoto.

Kumbe uongo ule haukukaa ofisini. Ulizunguka soko la Keumbu, ukaingia makanisani, na akina mama wakaanza kuikataa oksijeni ya hospitali. Walisema inaua, na kwamba sista wa hapo hapo ndiye aliyetoboa siri.

Kabla ya mwaka kuisha akaletwa mtoto wa kike kutoka Masimba, midomo ya buluu, akigumia kwa kutafuta hewa. Mama yake, msichana tu, hakumjua Pam kwa sura. Pam alipoleta mpira, msichana akaukinga uso wa mtoto kwa mkono.

"Hapana! Hii gesi ni mbaya. Sista Pam wa hapa alisema. Nyamusi alituambia kanisani, na Nyamusi hawezi danganya."

Nilikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba Pam ndiye huyu, amuulize mwenyewe! Pam akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Mtoto alikuwa anazidi kuwa wa kijivu.

"Ni kweli, Pam alikuwa hapa," akasema kwa upole. "Alikuwa mwongo, mama. Alipotosha watu, mtoto wa watu akafa. Tulimfukuza. Toa mkono."

Msichana akautoa.