Nilimwelekeza kwa Kiswahili kwenye mtihani wa theluji, sasa nahofia uhai wa mdogo wake

Admin, nisitirie jina, maana wanaonijua wakisoma mistari miwili watanitambua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, kwetu Tanga, nina mtoto mmoja yuko kwa mama. Hapa Dubai naishi Karama, chumba cha kushirikiana, na kazi yangu ni kwenye theluji. Msicheke. Nje jua linababua, lakini ndani ya ukumbi wetu kuna theluji ya mashine, watu wanateleza, na sisi wafanyakazi tunashinda tumevaa makoti mazito.

Pale kuna mafunzo ya watu wanaokwenda kutembea kwenye milima ya theluji nchi nyingine, mbali na njia za watalii. Huko theluji huporomoka ghafla ikamfukia mtu. Kwa hiyo kila mmoja huvaa kifuani kidude cha kutoa ishara, na akifukiwa, mwenzake hutumia cha kwake kumtafuta. Kinaonyesha mshale na namba, namba zikipungua ujue unamkaribia. Kisha unachoma theluji kwa fimbo ndefu, ukigusa mtu unachimba. Mkufunzi wetu, Mzungu mmoja mpole, kila darasa hurudia kwamba usiwategemee waokoaji, kwa sababu mpaka wafike pumzi imeshakwisha. Anayekuokoa ni yule uliyekwenda naye. Kazi yangu ni kufukia vidude vya mtihani, hivyo najua kila kimoja kilipo.

Sasa kuna dada mmoja, nitamwita Salma. Familia yao ni Wazanzibari waliokaa Dubai miaka mingi. Nilipoondoka kwa madam wangu wa kwanza sina pa kulala, mama yake ndiye aliyenipokea, na Salma ndiye aliyeniombea kazi hii. Ijumaa nakula kwao. Mama ananiita mwanangu, na hajawahi kunifanya nijione mgeni. Basi Salma alipojiandikisha mafunzo pamoja na mdogo wake wa kiume, nitamwita Nasri, nilifurahi kweli. Walikuwa wamepanga safari ya milimani, wao wawili tu.

Siku ya mtihani Nasri alipita bila shida, akatoka kwenda kurudisha vifaa. Ikaja zamu ya Salma, akachanganyikiwa. Anakwenda huku, mshale unageuka, anarudi, machozi yanamlengalenga, na mkufunzi kashika saa. Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye ninayefeli. Nikamwita kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumtia moyo, "Shoga, rudi nyuma kidogo. Kushoto kwako. Hapo hapo, inama." Akainama, akachoma, akakipata. Mkufunzi haelewi hata neno moja la Kiswahili, akaniuliza nilikuwa namwambia nini. Nikamjibu namwombea dua. Akasema dua zangu zina nguvu.

Jamani, sikuona kosa. Mtu wako akikwama unambeba, ndivyo tunavyoishi huku ugenini. Tulicheka njia nzima mpaka kituo cha metro.

Kicheko kiliisha Ijumaa, tumekaa kwenye sinia la pilau. Nasri akasema, "Mie nilikuwa na woga, nisiwafiche. Lakini Dada kapita, basi hata nikifukiwa najua atanitoa." Mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayeijua hiyo theluji. Watanirudia salama?" Nikasema, "Inshallah, Mama." Salma alikuwa anaangalia sinia.

Nikambembeleza Salma twende ufukweni tukafanye mazoezi. Nilitia kidude kimoja cha kazini kwenye mfuko wa nailoni, nikakifukia mchangani, na safari hii nikafunga mdomo. Akazunguka weee. Halafu akaacha kutazama kidude chake, akawa ananitazama mimi usoni.

"Mbona husemi?" akauliza.

Nikamwambia, "Salma, bado hujaweza. Twende kwa mkufunzi tumweleze, akufundishe upya."

"Mchanga si theluji," akasema huku anakung'uta mikono. "Mie nshapita, khalas. Usinivunjie safari yangu." Nilipong'ang'ania akanijibu taratibu, bila ugomvi, "Na ukenda kusema, utasema na wewe ulifanya nini? Kazi hiyo nani kakutafutia?"

Alisema kweli. Nikimweleza mkufunzi, kazi sina na viza inakwenda nayo, na mtoto wangu anakula kwa mshahara huu. Nikimweleza Nasri, nitamgombanisha na dada yake, na nyumba ile iliyonipokea itanifungia mlango. Hayo ndiyo ninayojiambia kila nikitaka kunyanyua simu. Lakini kazini, kila ninapofukia kidude na kukisawazishia theluji juu, namwona Nasri chini pale, na mikono yangu ndiyo inayomfukia. Najichukia.

Jana Nasri kanipigia mwenyewe. Mabegi tayari, furaha tele, anauliza aniletee zawadi gani. Nilikuwa na nafasi ya kusema yote pale pale, yeye na mimi tu. Nikamwambia aniletee chokoleti.

Ndege yao ni keshokutwa. Kule mlimani hakutakuwa na mtu wa kumwambia Salma kushoto kwako. Ndugu zangu, nitukaneni mkipenda, lakini kwanza nisaidieni: niseme kwa nani, na nianzeje?