Muhuri wa Ijumaa

Kila asubuhi, kwa miaka ishirini na sita, Placide alianza na jambo moja kabla hata hajavua koti lake lenye maji ya mvua. Alifungua droo, akatoa muhuri wa tarehe, akachukua ncha ya kalamu na kusukuma kile kigurudumu chake cha mpira mpaka siku ya jana ipite na ya leo ifike. Kigurudumu kilikuwa kimezeeka, kinakwama kwama. Akishakisogeza hupiga muhuri mara moja kwenye karatasi chakavu, anatazama, anatikisa kichwa, ndipo anaketi.

Yeye ndiye aliyekuwa appariteur wa chuo kimoja kidogo kule Muhumba. Asiyejua vyuo vya kwetu atauliza appariteur ni nani. Ni mtu wa funguo na makaratasi, basi. Anafungua kumbi, anafunga kumbi, anapokea barua, anabandika matokeo kwenye valves, maana ubao wa matangazo huku Bukavu tunauita valves tangu zamani na usiniulize kwa nini. Wanafunzi wanamnung'unikia asubuhi, wakubwa wanamkaripia mchana, na jioni anapanda milima na magoti yake mabovu kurudi Kasha, kwa mke wake Adélaïde, ale bugali na visamaki vya sambaza, alale. Miezi minne tu ilikuwa imebaki astaafu. Hakuomba makubwa. Aliomba atoke kwa heshima, apewe barua yake ya shukrani mbele ya watu, aende zake akakae chini. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa.

Sasa nieleze kanuni za chuo kile, ingawa zinanitia hasira. Kurasa kumi na tisa! Wanafunzi wasisimame zaidi ya kumi pamoja uani. Wasiimbe. Wasibandike karatasi kwenye valves kama haina muhuri wa appariteur. Wasiingie ukumbini nje ya saa za masomo. Lakini kulikuwa na kifungu cha kumi na nne, ambacho Placide mwenyewe alikichapa kwa mashine zamani, wakati wa mkurugenzi wa kwanza, marehemu muzee Ezéchiel. Kilisema wanafunzi wana haki ya kupewa ukumbi wazungumze mambo ya maisha yao, mradi waandike barua. Uongozi una siku tatu za kazi kujibu, kuanzia tarehe ya muhuri. Ukinyamaza siku tatu zikapita, umekubali.

Kizuri, si ndiyo? Kizuri kwenye karatasi. Monsieur Marcellin, katibu mkuu wa chuo, alikuwa na dawa yake. Barua ikifika anailalia, anailalia, halafu siku ya tatu saa ya mwisho anajibu: hapana, ukumbi unafanyiwa usafi. Miaka saba alijibu hivyo, na huo usafi hakuna aliyeuona.

Jumatatu moja ya Novemba Placide aliingia ofisini macho mekundu. Ijumaa saa tano alikuwa ameomba ruhusa, akateremka Luberizi na mkewe kumzika shemeji yake. Siku mbili za matanga, kulala juu ya mkeka, kulia, kisha kupanda tena ile barabara ya milimani katika tope. Waliingia Kasha Jumapili usiku. Asubuhi ile alivua koti, akaketi, akaweka kichwa mikononi. Droo hakuigusa.

Wa kwanza kubisha alikuwa Bibiane, msichana mwembamba wa mwaka wa mwisho, mkuu wa darasa lake.

"Jambo, papa Placide. Nilikuya Ijumaa saa sita na hii barua, nikakuta mulango iko ya kufungwa."

"Nilikuwa kwa matanga, mutoto yangu. Tulizika muramu yangu."

"Pole sana, papa. Pole na maman pia."

"Asanti. Leta hiyo barua."

Aliisoma nusu nusu. Wanafunzi waliomba ukumbi wa A, Alhamisi saa sita, wazungumze juu ya ukuta wa ukumbi wa B. Placide alishusha pumzi. Ukumbi wa B ulijengwa ukingoni mwa bonde, na kila mvua ikinyesha udongo ulikuwa unateleza chini yake. Ukutani kulikuwa na ufa, na mwezi wa tatu ulipitisha vidole viwili. Sasa ulipitisha vitatu. Yeye ndiye aliyefagia tope lililopenya, basi alijua. Na humo walikaa vijana mia moja na themanini.

Alipiga muhuri kwenye barua, akapiga kwenye nakala, akampa Bibiane nakala yake. Barua akaiweka kwenye sinia la barua la Monsieur Marcellin. Ya pili na ya tatu zilipofika baadaye, ndipo alipokumbuka kusukuma kigurudumu. Ya Bibiane hakuikumbuka.

Jumatano jioni jibu likabandikwa kwenye valves: hapana, ukumbi wa A unafanyiwa usafi. Placide alilibandika mwenyewe, kama kawaida, akaenda zake.

Alhamisi saa sita kasoro dakika kumi, Bibiane akasimama mbele ya meza yake. Nyuma yake, koridoni, darasa zima limesimama.

"Papa, tunaomba ufunguo ya salle A."

"Bibiane, weye haukusoma? Banakatala."

"Banakatala jana, papa. Lakini siku tatu ziliisha Jumatatu." Akaweka nakala mezani, taratibu, akaangalia chini. "Cachet iko ya Ijumaa."

Placide akavaa miwani, akautazama muhuri. Mama wee! Ijumaa. Ijumaa kabisa, wino umekaa vizuri, hakuna hata herufi iliyofifia. Miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea tarehe, na siku aliyokosea, amekosea hapa! Alimtazama yule binti, akaona kwamba binti anajua. Angeweza kusema "nilikosea, mutoto yangu, rudieni darasani," nao wangerudi. Wangerudi ukumbi wa B, maana saa nane walikuwa na somo humo.

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Kisha akainuka, akishika meza kwa ajili ya magoti, akatoa ufunguo.

"Saa moja tu," akasema. "Na viti muviache vile munavikuta."

Walizungumza saa moja. Hawakuimba, hawakupiga meza. Placide alisimama mlangoni akasikia watoto wanasema wanavyokaa mbali na ule ukuta, wanavyogombania viti vya upande wa mlango, mmoja anasema mama yake anamwombea rozari kila siku anapokwenda kufanya mtihani. Mwisho Bibiane akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuuandikia uongozi. Watu wakatazamana. Placide akatazama viatu vyake.

Kwa sababu yeye aliandika. Aliandika mara tatu, kwa mkono wake, mwezi wa tatu, wa sita na wa tisa. Lakini mzee yule alikuwa na adabu yake ya kazi: mtu hajipokelei barua yake mwenyewe. Muhuri ni wa kupokea za wengine. Basi alizipeleka bila muhuri, akaziweka mkononi mwa katibu, na nakala akazitia chini ya droo. Hakujibiwa hata neno.

Ijumaa asubuhi wakaitwa wote wawili kwa Monsieur Marcellin. Mtu nadhifu, huyo, sauti ya upole, kalamu mbili mfukoni. Nakala ya Bibiane ilikuwa mbele yake.

"Papa Placide," akaanza, kwa utamu, "hii barua nimeiona kwa mara ya kwanza Jumatatu. Sasa cachet inasema Ijumaa. Ni nani alipiga hii cachet?"

Placide akaitazama ile nakala.

"Nikusaidie," akasema Marcellin. "Ijumaa weye ulitoka saa tano, nilikupa ruhusa mimi mwenyewe. Ofisi ikabaki bila mtu. Hawa batoto banajua funguo zako kunako zinalala. Mutu aliingia, akapiga cachet. Njo vile ilikuwa, ama?"

Bibiane akaruka kitini. "Apana! Monsieur, apana, mimi sikuingia! Mungu ananiona!"

"Nyamaza, mademoiselle. Kughushi maandishi, faux en écriture, tunafukuza mutu. Mwaka wa mwisho ao wa kwanza, ni moja tu." Akamgeukia tena Placide. "Sema tu, papa. Utasema, nitaandika, utaenda kupumuzika. Umebakisha miezi mine. Barua yako ya shukrani iko tayari hapa, iko inangojea signature yangu tu."

Ebu fikiri! Kumweka mzee kwenye kona namna hiyo, na tabasamu juu yake. Placide aliona njia zote. Akisema nimekosea, ilikuwa Jumatatu, basi mkutano haukuwa na ruhusa, na mkuu wa darasa ndiye anayebeba lawama. Akisema sijui, binti anafukuzwa kwa kughushi. Uchovu ukamjia mzito, akatamani aseme "ndiyo, Monsieur," neno moja, atoke, apande Kasha, alale mpaka Pasaka. Karibu aseme. Nisidanganye, karibu sana.

Lakini Marcellin akaongeza, akifunga kalamu yake: "Kelele yote hii ju ya ukuta. Miaka yote hii, hapa kwangu hakuna mutu hata mumoja alishaandika kitu juu ya ule ukuta."

Placide akainua macho.

"Hata mumoja?" akauliza.

"Hata mumoja. Unionyeshe barua yenye cachet."

Placide alihisi hasira ambayo hakuihisi tangu ujana, ikamshangaza, alidhani ilishaisha.

"Cachet ya Ijumaa nilipiga miye," akasema. "Huyu mutoto alileta barua Ijumaa asubuhi, mbele nitoke. Nikaitia kwa mufuko ya koti, nikaenda nayo Luberizi kwa matanga. Nikakumbuka Jumatatu. Kosa ni yangu. Yeye hana kosa."

Bibiane alimgeukia, mdomo wazi. Placide hakumtazama.

"Papa Placide," akasema Marcellin polepole, na utamu wote ukiwa umekwisha, "unaelewa ile unasema?"

"Naelewa, Monsieur. Mademoiselle aende kwa masomo yake."

Jumatatu iliyofuata barua ikatoka. Haikuwa ya shukrani. Kusimamishwa kazi kwa uzembe mkubwa, kuanzia siku ile ile, arudishe funguo na muhuri kabla ya saa sita. Katibu mwenyewe aliileta mpaka mezani kwa Placide.

"Uonyeshe kwamba umeipokea," akasema, akaenda zake, maana hata yeye hakutaka kumtazama mzee usoni.

Nyumbani usiku uliotangulia, Adélaïde alikuwa amemwuliza mara mbili kama hakuweza kunyamaza tu. Mara ya tatu alimpakulia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akaketi kando yake bila kuuliza tena. Mke huyo alimjua mumewe.

Placide akafungua droo. Akatoa muhuri. Tarehe ilikuwa imelala kwenye Jumamosi. Akachukua ncha ya kalamu, akasukuma kigurudumu, kikakwama, akakisukuma tena mpaka Jumapili, mpaka Jumatatu. Akajaribu kwenye karatasi chakavu. Akavaa miwani, akatazama. Leo. Akapiga muhuri kwenye barua ya kusimamishwa kwake, nakala akaikunja mfukoni.

Lakini muhuri hakuurudisha bado. Akaingiza mkono chini kabisa ya droo, akatoa zile nakala tatu, ya mwezi wa tatu, ya mwezi wa sita, ya mwezi wa tisa. Zilikuwa zimekunjika pembeni. Akazinyoosha kwa kiganja. Jambo hili hakuwahi kulifanya, na hata sasa aliliona ni utovu wa adabu. Akazipiga muhuri zote tatu, moja, moja, moja.

Saa sita kasoro robo alitoka koridoni na pini zake za kubandikia. Kanuni ilikuwa wazi: karatasi yenye muhuri wa appariteur ina haki ya kukaa kwenye valves, na mpaka saa sita appariteur alikuwa bado yeye. Akazibandika kwa mpangilio, sawasawa, kama alivyobandika matokeo ya watoto miaka yote.

Wa kwanza kusimama kusoma alikuwa kijana asiyemjua. Wakaja wawili, watatu. Bibiane akafika anakimbia, akasoma ya kwanza, akasoma tarehe iliyoandikwa kwa mkono, mwezi wa tatu, na ufa wa vidole viwili, akaweka kiganja mdomoni.

"Papa," akasema. "Papa, kumbe weye..."

"Munakuwa zaidi ya kumi," akasema Placide kwa uchovu, akiwahesabu kwa macho. "Kanuni inakataza."

Hakuna aliyesogea. Naye hakuwafukuza. Akapeleka funguo na muhuri ofisi ya katibu, akaviweka mezani, akavaa koti lake ambalo bado lilikuwa na maji, akaanza kupanda kuelekea Kasha polepole, kwa ajili ya magoti.