Flashi Ndani ya Ukungu

Kule Butembo batu balimujua Stanislas Lusenge kwa kazi mbili. Ya kwanza ndiyo ilikuwa inamulisha: foto za ndoa, za komunio ya kwanza, na zile ndogo-ndogo za kubandika kwa makaratasi. Ya pili ilikuwa ya kuchekesha batu. Asubuhi, mbele misa haijaanza, wakati ukungu imekalia mulima na mikalitusi inaonyesha vichwa tu, yeye alikuwa anasimama kando ya barabara na aparei yake ya foto, amejifunga koti mupaka shingoni, anangojea.

"Stany, unapiga foto ya moshi?" bamama ba kushuka soko balikuwa banamuuliza.

"Napiga ile yenye iko nyuma ya moshi."

"Haya! Siku utamuona Mungu kule nyuma, utuite!"

Hakukasirika. Ukungu ilikuwa imemufundisha kuvumilia. Inafunguka kidogo, sawa mulango ya mutu mwenye kuchungulia nani anabisha, kisha inafunga tena. Mwenye hakukuwa tayari, asubuhi yake imekwisha.

Alikuwa na mama mudogo, Kanyere, ndugu wa mama yake. Miaka tatu ilikuwa imepita tangu Kanyere akimbie batu ba bunduki kule Kyavisogho, mulima moja nyuma ya Beni, upande wa barabara ya Kasindi. Alifika Butembo na shapule yake ya kusalia, sufuria moja, na nguo ya mwilini. Bwana yake alikuwa amekufa, lakini alimuachia shamba ya kakao. Na mudogo wa ule bwana, Timothée, mwenye alikuwa anaikala Beni, kwa kartie ya Beu, kila mara alikuja na maneno moja tu.

"Shemeki, kule hakuna tena kitu. Kakao imekuwa pori, nyumba imeanguka, hata mbwa haiingie kule. Kuna mutu anakubali kununua ile udongo hivi hivi. Weka kidole kwa karatasi, tumalize."

Sasa makaratasi ya kuuzisha shamba ilikuwa tayari. Timothée alisema ataileta siku ya posho, Jumamosi. Siku ya pili, Jumanne, misa ikiisha, Kanyere akamuita Stanislas kwa pembeni ya kanisa.

"Mutoto wangu, mimi sisemi Timothée ni muongo. Lakini kidole yangu, nikishaiweka, haitoki tena. Wewe unapigaka foto za milima za batu bote. Unipigie ya shamba yangu moja tu. Kama ni pori, nitaona pori, nitaweka kidole, na roho yangu itatulia."

Stanislas akaangalia chini. Kyavisogho haikukuwa mahali ya kutembea. Lakini ule mama ndiye alimubeba mugongoni wakati mama yake mwenyewe alikuwa mugonjwa. Na akawaza: kule pia asubuhi kuna ukungu, inapanda kutoka mutoni. Itanificha.

Alienda kulala Beni, na siku ya tano, Ijumaa, kumepambazuka kidogo tu, alikuwa nyuma ya pikipiki ya Issaka. Issaka alikuwa Muislamu wa Beni, mutu wa kubeba mizigo, miaka yake makumi tano na kitu, na hakukuwa na njia ya kule yenye hakuijua. Ukungu ilikuwa nzito mupaka taa ya pikipiki ilionyesha tu maji yenye kuelea.

"Ukungu hii inatuficha, mufotografi, ni kweli," Issaka akasema. "Lakini inaficha na benye kutungojea."

"Hapana kunitisha, papa."

"Sikutishi. Nakuambia ili ukanyage polepole."

Akazima mashini chini ya mulima, karibu na kijito, na kuingiza pikipiki ndani ya matete. "Mimi niko na batoto saba. Jua ikitoka na wewe haujashuka, hautanikuta hapa. Enda, Mungu akutangulie."

Stanislas akapanda peke yake, mukono moja kwa aparei, ingine kwa shapule ndani ya mufuko. Hatua mbili mbele hakukuwa kitu, ni weupe tu. Matone ilikuwa inaanguka kwa majani, na kila tone ilikuwa sawa mutu anakanyaga. Alikuwa anasimama, anasikiliza, anaendelea. Pale alihesabu kama ndipo shamba inaanzia, akaona shina tatu za kakao, nyeusi, halafu tena hakuna kitu.

Muguu yake ndiyo ilijua mbele ya macho. Ile udongo haikukuwa na nyasi. Ilikuwa laini, imelimwa, sawa yenye kufagiliwa.

Kama ni pori, nani amelima?

Na pale pale akasikia: ka. Ka. Panga ilikuwa inakata kitu, karibu sana. Akainua aparei mbele ya uso, si kwa kupiga foto, ni vile mutu anainua mukono wakati anaogopa kupigwa. Kidole ikafinya.

Siku ya posho yenye ilipita alikuwa amepiga foto za ndoa. Flashi, ile taa ya kumulika bibi-arusi, ilikuwa ingali juu ya aparei, na hakukuwa ameizima.

Ukungu yote ikawaka. Ilikuwa sawa radi imepiga ndani ya nyumba.

Panga ikanyamaza.

"Nani ule?"

Stanislas akashusha aparei kwa kifua.

"Nimesema nani! Toka!"

Ile sauti alikuwa anaijua. Ilikuwa imebariki chakula mara nyingi kwa meza ya Kanyere. Mutu akatoka ndani ya weupe, polepole, buti kwanza, halafu gunia kwa bega, halafu panga yenye kulowana maji ya kakao. Alikuwa Timothée.

"Stany?"

"Ni mimi, Papa Timothée."

Bakaangaliana. Timothée akaweka gunia chini. Panga hakuiweka.

"Umenipiga foto," akasema. Hakuuliza.

Hapa Stanislas alijua kitu chenye mwenzake hakujua. Flashi ndani ya ukungu haipigi mutu. Mwangaza inagonga yale maji madogo-madogo na kurudi, na foto inatoka nyeupe, sawa shuka. Kama angenyamaza, Timothée angeamini kama uso yake, panga na gunia biko ndani ya kile kisanduku. Angekuwa naye mukononi. Lakini macho ya Timothée ilikuwa inaenda kwa aparei, inarudi kwa shingo ya Stanislas, inaenda tena kwa aparei. Mutu wa kuogopa aibu anaweza kufanya jambo lenye hata yeye hakulipanga. Na pia, kunyamaza ili mutu aamini uongo, Stanislas hakujua namna angeipeleka ku konfesio, mbele ya padiri.

"Angalia mwenyewe," akasema. Akageuza aparei.

Timothée akainama kwa kioo kidogo. Akaangalia mara mbili. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa sauti.

"Hii ndiyo foto? Basi umetoka Butembo kwa hii! Muonyeshe shemeki hii. Umuambie Kyavisogho imekuwa maziwa!" Akamukamata mukono juu ya kiwiko, nguvu. "Sasa unashuka. Haukuniona, sikukuona."

"Mama Mudogo alinituma shamba, Papa. Hakunituma sura yako."

"Nimesema unashuka!"

Upepo ukatoka upande wa muto, mudogo, baridi. Stanislas akausikia kwa shavu, na akajua ni nini inakuja. Ukungu ikaanza kutembea. Kwanza ikatoka kwa vichwa vya miti. Kisha mustari moja ya kakao ikaonekana, kisha ya pili. Na ngambo, juu ya bonde, mulima ingine ikaanza kufunua bega yake.

Timothée akaona ile bega. Akaachilia mukono, akajitupa chini tumbo.

"Inama! Inama, mujinga wewe! Batu ba bunduki bako ngambo! Juzi balipiga risasi!"

Stanislas akaanza kuinama. Lakini mutu wa kulala tumbo haone shamba, anaona majani. Akang'oa flashi, akaitia mufukoni. Akakaza viwiko ku mbavu. Salamu Maria. Akapiga moja: mistari ya kakao, safi, na matunda ya manjano yenye kujaa shina. Salamu Maria. Akapiga ya pili: nyumba, mabati yote juu yake, na mbele ya mulango mikeka ya kuanikia kakao.

"Stany, kwa jina la Yesu, kaa chini!" Timothée alikuwa anamuvuta nguo ya muguu. Angeweza kusimama na kumunyanganya aparei. Hakusimama. Woga ilimubandika kwa udongo ya shamba yenye alisema hakuna mutu anaingia.

Ya tatu: shamba yote, mupaka pembe ya chini.

Ngambo kitu ikalia: paa! Muti umevunjika ao ni risasi, hata leo Stanislas hajue. Weupe ukapanda tena kutoka chini, ukafunga milima, ukafunga nyumba, ukafunga na bale batu bawili.

"Papa, simama. Imefunga," Stanislas akasema. Kisha akamupa mugongo na kushuka, nyuma yake mutu mwenye panga. Ndani ya ile asubuhi yote, zile hatua za kwanza ndizo zilikuwa ngumu zaidi. Hakukimbia. Hakugeuka.

Issaka alikuwa ameshawasha mashini. "Sikuulizi kitu," akasema. "Panda!"

Kesho yake, Butembo, Stanislas akatoa zile foto tatu kwa karatasi, kubwa. Kanyere akazipanga juu ya meza, akafuata mistari na kidole, muti kwa muti. Akakawia pale kwa mikeka.

"Nani analima?"

Akamuambia. Alisema polepole, na hakuongeza kitu juu ya panga. Kanyere akaziacha foto wazi juu ya meza. Macho yake ilikuwa na maji, lakini haikuanguka.

Saa ine Timothée akafika na makaratasi ndani ya envelopi na kisanduku cha wino. Alifikiri foto zote zimetoka nyeupe sawa ile ya kwanza, akasalimia tangu mulangoni. Halafu akaona meza.

"Karibu, shemeki," Kanyere akasema. "Aksanti kwa kunilimia. Miaka tatu, na haukuniachia hata nyasi moja! Kaa basi, ukule. Halafu utanielezea mavuno inaendaka wapi."

Timothée akabakia wima. Akaangalia foto, akaangalia Stanislas, akaangalia tena foto, sawa mutu mwenye kutafuta uso yake ndani. Haikukuwamo.

Akarudisha wino mufukoni na kuvuta kiti.