Kikao cha Ruhwa hakisogezwi, Espérance

Akili yangu inakataa, jamani. Jana asubuhi kabla ya kuingia kanisani nilipiga simu ya Espérance kumuuliza kama ameshachapisha karatasi za kikao cha Jumatano. Nilijua ana homa, lakini homa nani anaiogopa? Ikapokelewa na mama yake. "Docta, Espérance ametuacha." Nikamuuliza ametuacha ameenda wapi. Mungu wangu, ndivyo nilivyomuuliza mama wa watu.

Siku tatu tu za homa. Tatu!

Kwa ambao hamkumjua: alikuwa mratibu wa mradi wetu hapa Rusizi. Kwenye kontra yake ya kazi imeandikwa hivyo. Kazi yenyewe ilikuwa kutukalisha pamoja watu tusiotaka kukaa pamoja: sisi watafiti, viongozi wa hapa, na watoto ambao haki zao tunaziongelea kila siku kwenye semina wao wakiwa hawapo.

Na si kukaa tu. Alitaka tusikilizane, na hapo ndipo alipokuwa mkorofi.

Kwenye kikao kimoja kule Nzahaha mtoto alimuuliza kiongozi mmoja swali. Kiongozi akageuka, akanijibu mimi. Espérance akamwendea taratibu. "Samahani Mzee, simama kidogo." Mzee wa watu akasimama. Dada akakigeuza kiti kikawaelekea watoto. "Haya, karibu, sasa ujibu." Ukumbi mzima tulivunjika mbavu, na mzee mwenyewe akacheka. Kisha akakaa, akajibu.

Sasa niwaambie jambo ambalo nimelificha mwaka mzima.

Nilifanya utafiti Ruhwa, pale mpakani na Burundi, juu ya wasichana wanaokosa shule kwa kulea wadogo zao wakati mama zao wamevuka kuuza. Nikaandika draft ndefu, safi. Kwenye ukurasa wa tatu nikataja sababu kubwa: uzembe wa wazazi. Deadline ilikuwa Ijumaa na mimi nilikuwa najisikia sana.

Espérance akasoma, akanitazama. "Papa Docta," ndivyo alivyonitania mpaka kwao wote wakazoea, "hii umebasomea benyewe?"

Nikacheka. Nani anawasomea watoto draft?

"Kitu yenye haiyasomwa mbele ya batoto haitoke ku bureau yangu."

Kesho yake tuko juu ya moto, hizi pikipiki za kukodi, kwenda Ruhwa, matope mpaka magotini, yeye anatafuna sambaza, visamaki vya kukaanga, na kuvicheka viatu vyangu vya semina.

Nikawasomea wasichana kumi na mmoja. Kufika ukurasa wa tatu, akasimama Divine, miaka kumi na tatu, mdogo wake amelala mgongoni. "Mama yangu haiko muzembe. Anaamukaka saa kumi. Hana muntu wa kuachia mutoto. Andika ile."

Nilitaka kujieleza. Espérance akanikanyaga mguu, kwa nguvu kabisa, akaninyooshea kalamu.

Nikafuta mbele yao. Nikaandika alivyosema Divine. Wakubwa wa mradi walikasirika kwa kuchelewa, na Espérance ndiye aliyewajibu kwenye simu, kwa Kifaransa, sauti juu, mpaka wakapoa. Mimi aibu ilinikaa wiki nzima. Ilinistahili.

Pale ndipo wale wasichana walipotunga ombi lao moja: chumba karibu na soko la mpakani na mama wawili wa kutunza wadogo, ili wao waende darasani. Basi. Jumatano hii walikuwa walisome wenyewe mbele ya viongozi. Miezi minane Espérance amewafanyisha mazoezi.

Jana mchana, tuko matangani kwao Espérance, Gihundwe, ofisi ikanipigia. Tusogeze kikao, kwa heshima ya marehemu, hadi tarehe itakayopangwa. Nikasema sawa. Kweli, nilisema sawa. Tunamzika kesho Jumanne, nani ana nguvu ya kikao siku ya pili yake?

Lakini hiyo tarehe itakayopangwa naijua. Nimeshazika ripoti nyingi humo.

Saa tisa wakaingia wasichana wa Ruhwa na mama zao. Wasichana wote wamevaa uniforme za shule. Wakasalimia, wakalia, wakakaa. Halafu Divine akanifuata uani. "Docta, Yumatano tukuye saa ngapi?"

Nikaingia ndani, nikapiga magoti mbele ya mama yake Espérance, nikamweleza yote. Msiba ni wake. Angesema hapana, ingekuwa hapana.

Alifuta macho kwa kitenge. "Bale batoto alikuwa anabafundisha hapa kwangu kila Yumamosi. Mimi njo nilikuwa nabapikia. Muende. Mukimaliza, murudie hapa tukae pamoja."

Nikapiga simu palepale. Jumatano, saa tatu asubuhi, ofisi ya sekta. Haisogei hata dakika. Wakaniuliza nani ataongoza badala ya Espérance. Nikasema Divine.

Kwa hiyo viongozi mnaonifuata hapa mtandaoni, mnaoweka maua na mishumaa chini ya picha yake tangu jana, asanteni, tumeona. Sasa njooni Jumatano. Wale wasichana hawaombi pole. Wanataka jibu, ndiyo au hapana, na wanataka kulisikia kwa masikio yao. Watafiti wenzangu, ninyi mje bila slaidi.

Espé, dada yangu, nina hasira. Umeondoka mapema mno na hukuniaga, na mimi hata asante sikuwahi kukupa kwa ile siku ya Ruhwa. Asante. Leo nimekulilia, na kesho makaburini nitakulilia tena. Jumatano nitafunga mdomo wangu, niwasikilize.

Wewe lala, dada. Jumatano tuachie sisi.