Ndizi Mbichi za Ganesha

Nilikesha nikijiuliza kama barua yangu ya kuomba kazi inafaa, au niiandike upya mara ya sita. Asubuhi nilifika mjini Kayanga, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikiitazama ofisi. Duka la jirani walikuwa wamechoma udi.

Ilikuwa harufu ya duka la mama Mhindi aliyeuza vitambaa nilipokuwa mtoto. Ukutani alitundika picha ya Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo. "Huyu anaondoa vizuizi," aliwahi kuniambia. "Sisi hatuanzi jambo bila yeye."

Basi siku bibi yangu aliponipeleka kununua kitambaa cha sare yangu ya kwanza ya shule, nilimbebea Ganesha ebitoke vinne, ndizi za kupika, kwa kuwa kwetu mgeni wa heshima hupikiwa.

"Shikamoo. Nimemletea tembo."

Mama Mhindi alicheka mpaka akakaa. "Marahaba, mjukuu wangu! Sasa atapikia wapi? Yeye anakula mbivu!"

Bibi yangu aliona aibu, akataka kuziondoa.

"Ziache," mama Mhindi akasema, akizipanga chini ya picha. "Amepokea hivyo hivyo."

Ndipo akachukua mkasi, akakata kitambaa.

Barua sikuifungua tena. Nilivuka barabara, nikaikabidhi mapokezi.