Barua ya Ulaya Niliyoisahihisha

Katika miaka ile Bukavu ilipokuwa mikononi mwa waasi na serikali ikawa sauti ya redio kutoka Kinshasa, mimi nilikuwa mtaalamu wa kuomba. Sikuisomea kazi hiyo. Chuo kikuu nilisomea Kifaransa, nikakifundisha mpaka mishahara ilipokoma, kisha nikaendelea kufundisha kwa mazoea, kama mtu anayepungia mkono gari lililokwisha kupita. Ndipo chama kidogo cha wakulima kikanichukua kuwa katibu. Mwenyekiti, mzee aliyeogopa karatasi kuliko bunduki, alinieleza kazi yangu kwa ufupi: Wazungu wana pesa, sisi tuna shida, wewe una Kifaransa.

Fomu niliyopewa ilitoka Ulaya. Huko walikuwa wametenga fedha za kusaidia miradi ya nchi jirani zinazofanya kazi pamoja. Nadhani mtu fulani alitazama ramani, akaona tunapigana, akaamua dawa yetu ni kutulazimisha tuandike ombi moja. Hilo lilikuwa sharti la kwanza: hupati kitu bila mshirika wa nchi ya pili. Mengine yalikuwa masanduku ya kujaza. Sanduku moja lilitaka nitaje hatari zinazoweza kuvuruga mradi, na nafasi yake ilikuwa mistari mitatu. Nilikaa mbele ya mistari ile asubuhi nzima, bunduki zikisikika kwa mbali upande wa milima, halafu nikaandika: mvua kuchelewa.

Mradi wenyewe haukuwa mzaha. Mihogo yetu ilikuwa inakufa. Majani yalipata mabaka ya njano, yakajikunja, na mizizi ikabaki myembamba kama kidole. Wataalamu wa kilimo wanauita ugonjwa huo mozaiki. Unaenezwa na kidudu cheupe chenye mabawa, kidogo kuliko kichwa cha pini, ambacho kilivuka mto Ruzizi kwenda Rwanda na kurudi bila kuonyesha kibali. Sisi wengine tulipanga foleni darajani.

Shamba moja tu tulilolijua lilikuwa zima. Lilikuwa kwenye kilima nje ya mji, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na aliyelilima ni mjane mmoja wa mtaa wa Kadutu. Marehemu mumewe alifanya kazi ya kuwafundisha wakulima; kabla ya vita alileta miti ya mihogo kutoka kituo cha utafiti, na baada ya kifo chake yule mama aliendelea kufanya kama alivyomwona akifanya. Kila alipofika shambani aling'oa mche wowote wenye doa na kuuchoma. Hakuchuma hata majani, ili miti isidhoofike. Mara nyingi nilimkuta sokoni Kadutu akinunua sombe, majani ya mihogo ya watu wengine, yeye mwenye shamba zima la sombe. Wanawake waliouza pale walimcheka. Walimwuliza kama mihogo yake ilibatizwa na askofu.

Alikwisha kuwagawia majirani wa kilimani miti yake. Waliipanda katikati ya mihogo migonjwa, na msimu haukuisha kabla nayo haijaugua. Ilibidi kilima kizima king'olewe kwa pamoja, familia zipewe chakula wakati zikisubiri, na miti mipya ipimwe katika kituo cha ng'ambo, maana maabara yetu iliporwa mpaka vitasa vya milango. Hiyo ndiyo kazi tuliyoiombea fedha. Na ilibidi ifanyike mwaka uleule, kwa sababu shamba halikuwa la mama. Lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa marehemu, na shemeji alikwisha kupata ofisa mmoja aliyetaka kufugia ng'ombe pale.

Nilikwenda kwa shemeji nimevaa koti, fomu kwapani. Nikamweleza Ulaya. Alinisikiliza vizuri, akauliza itafika lini. Nikamwambia kabla ya mvua.

"Mvua ya mwaka gani, Profesa?"

Hata hivyo alikubali kusubiri mpaka mvua za kwanza. Mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nikashuka kilima nikijiona mtu wa maana.

Mshirika wa ng'ambo sikumtafuta mbali. Kutoka kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga mtaa wa Muhumba niliona mabati ya mji wake upande wa pili wa ziwa, Rwanda. Tulisoma chuo kimoja na kulala chumba kimoja, yeye kilimo, mimi Kifaransa, wakati watu walikuwa wakivuka Ruzizi kwenda kunywa bia tu. Sasa alikuwa mkuu wa kituo kile cha ng'ambo. Nilimpigia simu kwa laini ya nchi yake, ambayo ilishika katika pembe moja ya kibaraza changu, akakubali kabla sijamaliza kueleza. Kilichobaki kilikuwa kiambatisho: barua ya ukurasa mmoja, iliyokwisha kutungwa na Wazungu wenyewe kwa Kifaransa, ili sisi tujaze majina, tutie sahihi na mihuri. Juu yake, kwa herufi kubwa, iliitwa lettre de collaboration.

Kwa Kiswahili ungesema barua ya ushirikiano, na neno hilo unaweza kulisoma hata kanisani. Kwa Kifaransa cha Bukavu cha miaka ile lilikuwa na kazi nyingine. Sisi tuliopita shule za mapadri tulijifunza katika historia ya Ufaransa jinsi walivyoitwa watu waliowatumikia Wajerumani walipoikalia nchi yao. Majeshi ya nchi jirani yalipoingia mjini pamoja na waasi, neno likatoka kitabuni likaingia mtaani, limefupishwa: kolabo. Jirani yetu mmoja alionekana mara mbili akinywa na ofisa wa kigeni. Asubuhi moja tulilikuta neno hilo kwenye geti lake, kwa rangi nyekundu. Alilisugua kwa petroli, likabaki linasomeka. Muda si mrefu hakuonekana tena, na hakuna aliyeuliza kama alihama au alihamishwa.

Mke wangu aliisoma ile barua mara moja, akaniuliza kwa upole kama ningependa jina langu liandikwe chini ya neno lile, au moja kwa moja kwenye geti.

Nikafanya kile ambacho msomi hufanya akiogopa: niliandika barua kuhusu barua. Nilikwenda kwenye nyumba ya intaneti, nikawaeleza wale wa Ulaya, kwa heshima na nukta mkato nyingi, uzito wa neno hilo kwetu. Niliomba ruhusa ya kuandika badala yake bon voisinage, ujirani mwema. Baada ya wiki tatu nikajibiwa na bibi mmoja mwenye adabu kuliko mimi. Alishukuru kwa maelezo yangu, ambayo aliyaona ya kuvutia sana. Alinikumbusha kwamba viambatisho havibadilishwi. Alinitakia mafanikio.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilipokaribia, nilivuka daraja. Muhuri wa chama niliuficha ndani ya mkate, kwa kuwa mtu anayevuka na muhuri wakati wa vita ana maswali mengi ya kujibu. Askari wa upande wetu aliutamani mkate. Nilimkatia kipande kutoka upande usio na muhuri, nikaenda zangu.

Rafiki yangu alinipokea nyumbani kwake. Naye alikuwa na ya kwake ya kuogopa. Kwao, mtu aliyeandikiana na sisi angeweza kuambiwa anawalisha maadui wa serikali yao wanaojificha katika misitu yetu. Lakini aliweka sahihi yake kwenye nakala zote mbili akiwa amesimama, kama mtu anayepokea kifurushi, akanipa kalamu.

Ningependa kusema kwamba niliwafikiria watoto wangu. Nililifikiria geti. Nikalipiga mstari neno lile, safi, kwa rula, na juu yake nikaandika bon voisinage kwa mwandiko wangu wa darasani. Pembeni nikatia herufi za jina langu, kama inavyotakiwa kwenye marekebisho. Kisha nikaweka sahihi.

Rafiki yangu alizichukua zile karatasi.

"Mon vieux, bale batu habasomake," akasema. "Banaweka tiki. Ungeacha ile neno vile baliandika, tumalize."

Nikamwambia kwamba mtu yeyote mwenye akili atakayeisoma barua hii ataona neno letu ni bora kuliko lao.

"Njo unaona. Weye unaandikia mutu mwenye atasoma."

Hakukuwa na umeme wa kuchapa nakala nyingine, na daraja lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili. Tulipiga mihuri, akaahidi kulituma ombi lote kutoka Kigali, akalituma. Nami nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepata neno zuri. Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kama jambo la lugha. Ulikuwa woga, nikauita uhariri.

Kusubiri kulichukua miezi. Kila Jumapili baada ya misa mama aliningoja kwenye ngazi za kanisa, amevaa kitenge chake kilekile cha kijani.

"Papa Sekretere, bashajibu?"

Nikisema bado, alisema bado iko muzuri, haiko hapana. Njaa ilikuwa inapanda. Barabara za kuleta vyakula zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa. Nyumbani kwake walikula mara moja kwa siku, na yeye hakugusa lile shamba. Nilisikia kwamba siku moja askari walipita pale na majembe ya wizi, akawaambia kwamba mihogo ile ni ya Wazungu, imetiwa dawa, anayekula anavimba. Waliondoka. Niliposikia hivyo nilijiuliza kama kuna sanduku katika fomu yangu ambamo ningeliandika jambo hilo. Halikuwepo.

Jibu lilikuja kwenye ile nyumba ya intaneti, asubuhi, huku mwenye nyumba akinisimamia kwa sababu dakika zangu zilikuwa zimekwisha. Lilikuwa jedwali. Ombi letu halikupokelewa. Mbele ya kiambatisho kile cha ushirikiano palikuwa na alama, na maelezo yake yalikuwa neno moja: hakipo. Hawakusema barua imebadilishwa; kwao barua iliyobadilishwa si barua. Hawakusema mradi ni mbaya. Hakuna aliyefika kwenye mradi. Nilimwandikia yule bibi, nikamwandikia tena. Mara ya pili alinijulisha kwamba mwaka ujao kutakuwa na nafasi nyingine.

Nilipanda kilima kumwambia mama mwenyewe. Nilimkuta akipita kati ya mihogo, akigeuza majani moja moja kutafuta doa. Nilimweleza kila kitu, jinsi nilivyoweza, na nilivyozidi kueleza ndivyo maneno yangu yalivyozidi kufanana na ile fomu.

"Neno moja?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Na ni weye mwenyewe ulifuta?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikaanza kumweleza neno lenyewe, Wajerumani, geti. Alinyanyua mkono, si kwa hasira, kama unavyomzuia mtu asikanyage mche.

"Miye sijue kusoma, Papa. Ile neno haingeniogopesha. Ungeniita niweke kidole."

Sikuwa nimefikiri hilo hata mara moja. Katika fomu ile alikuwa kwenye ukurasa wa kumi na moja, chini ya kichwa cha wanufaika.

Mvua za kwanza zilinyesha, na shemeji hakuongeza siku. Ng'ombe wa ofisa walifika wakati mama na wajukuu wake bado wanang'oa. Mizizi waliiuza na kuila. Miti waliifunga mafungu, wakaibeba kichwani mpaka Kadutu, wakaisimamisha nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, kwa sababu mti wa muhogo ukikatwa unaweza kungoja wiki kadhaa kabla ya kufa. Mama aliniambia nitafute ardhi. Hilo nililiweza, nilikuwa na Kifaransa. Niliomba parokia, na padri akanionyesha uwanja uliojaa wakimbizi. Niliomba shule moja. Nilimwomba mwenye nyumba yangu sehemu ya bustani, mbele ya maua, naye akaniambia kwamba Muhumba si shamba. Rafiki yangu wa ng'ambo alisema kwenye simu kwamba angeipokea miti yote, angeipanda kesho, nikiweza kuivusha. Wiki hiyo daraja lilifungwa.

Nilipokwenda tena Kadutu nilikuwa nimebeba habari ya kiwanja kingine ambacho huenda kingepatikana, kwa mtu ambaye huenda angerudi kutoka Minova. Mama alikuwa ameinama mbele ya mafiga matatu, maharagwe yakichemka. Chini ya chungu ilikuwa inawaka miti ya mihogo. Haikuwa vijiti vichache vya kuwashia. Yalikuwa mafungu mazima, mengine yamelala karibu yake, kamba zimefunguliwa.

Alinivutia kiti kidogo. Nilianza kuzungumza juu ya kile kiwanja, akawa anaitikia ee, ee, huku akikoroga. Kisha akaniomba nimvunjie miti mingine, kwa sababu ni mirefu na mgongo unamuuma.

Nikavunja. Mingi ilikatika kwa mlio mkavu. Mmoja haukutaka kukatika. Ulipinda, ganda likachanika, na ndani palikuwa na kijani na utomvu mweupe ukanishika vidoleni. Nilimwonyesha. Nadhani nilitaka aseme neno fulani, sijui lipi.

Aliutazama.

"Ile ingali mubichi, itatupatia moshi," akasema. "Weka pale kwa ukuta, itakauka."

Nikauweka pale.