Fundo la Khanga ya Bibi

Juzi jirani yangu hapa Kihonda, Morogoro, kanunua mashine ya kufulia, na mtaa mzima tukaitwa kuishuhudia kana kwamba imetua ndege. Ilipoanza kuzungusha, sakafu ilitetemeka mpaka nadhani waliolala Mafiga waliamka. Wenzangu walicheka. Mimi, mwenzangu, nilijikuta nimechuchumaa mbele ya kile kidirisha cha mviringo, naitafuta khanga ya bibi yangu.

Maana sisi tulipata kuishi ng'ambo. Baba alikuwa akichambua viungo dukani kwa tajiri mmoja wa Kihindi mjini Morogoro, na tajiri alipohamishia biashara Sharjah, Uarabuni, akamwita, baba akatubeba. Tukatoka kijijini kwetu Kinole, ambako ukitema mbegu ya chungwa ni lazima uruke pembeni isije ikakuotea mguuni, tukaingia kwenye ghorofa refu mno, nguo zetu zikipigwa na jua kabla halijawafikia binadamu wengine. Mama alikuwa akifungua kopo la mdalasini wa nyumbani, ananusa, anafunga, hapikii. Mimi nilimwamkia mlinzi wa jengo shikamoo kila asubuhi, naye kila asubuhi akanipa tende, akidhani naomba. Sikuacha kuamkia.

Mama alipokaribia kujifungua, aliletwa bibi mzaa mama. Mdogo wangu akazaliwa salama, sauti yake kama king'ora. Kitovu kilipodondoka ndipo shida ilipoanza. Kwetu kitovu cha mtoto huzikwa kwenye shamba la ukoo wa mama, chini ya mgomba, na mgomba ule unakuwa wake. Mkungu wake hauliwi hata ndizi moja kabla mwenyewe hajaonja. Baba akapendekeza bustani ya chini ya jengo. Bibi akashuka, akarudi na konzi moja ya udongo.

"Huu ni mchanga wa kukaangia karanga," alisema. "Mjukuu wangu hafukiwi kwenye kikaango."

Akaamua atarudi nacho Kinole mwenyewe. Akakifunga kwenye pindo la khanga yake, fundo gumu, kama alivyofunga ugoro na ufunguo maisha yake yote. Kwetu hata mtoto anajua kwamba khanga ya mtu mzima haiingii majini kabla hujaipapasa mapindo. Tulifulia mtoni, kwa mikono, na mikono ina macho. Lakini mama hakuwa amelala vizuri tangu mtoto azaliwe. Asubuhi ile alikumbatia rundo zima, akalisukuma ndani ya mashine, akabonyeza.

Bibi alitoka kuoga akaiona khanga yake inapita dirishani.

"Mwanangu! Fundo langu!"

Mama akavuta mlango. Wapi! Baba akaja mbio. Huyu ni mkwe ambaye kule Kinole hakuthubutu hata kupita karibu na kamba zilipoanikwa khanga za mama mkwe wake. Sasa kapiga magoti, paji la uso kwenye kioo, zinamzungukia puani.

"Mama, haifunguki mpaka imalize."

"Imalize nini? Immalize mtoto?"

Baba akachomoa waya ukutani. Mashine ikanyamaza, tumbo limejaa maji, mlango vilevile. Akachomeka tena, nayo, laana gani hii, ikaanza upya tangu mwanzo! Basi tukakaa sakafuni sote, mama akilia, mtoto akilia, bibi akiibembeleza mashine kwa Kiluguru kama ng'ombe aliyegoma. Khanga ilipita, ikapotea kwenye povu, ikapita tena. Naapa ilizunguka mwaka mzima.

Mlango ulipoachia, pindo lilikuwa limefunguka. Bibi akapapasa kila nguo, mpaka soksi za baba. Kisha akauliza maji yanakwenda wapi. Baba akamwonyesha bomba linaloingia ukutani.

"Na baada ya ukuta?"

Baba akainama kuokota soksi zake.

Hakuna aliyemlaumu mama, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Bibi alilichana lile pindo, akaenda nalo Kinole, akalizika chini ya mgomba. Kila mkungu wake ulipokomaa aliutundika jikoni, akimngoja mwenyewe aje aonje. Ndizi zikaiva, zikaanguka moja moja, zikawa za mainzi, naye akatundika mwingine. Sisi tulirudi. Mdogo wangu, alipokua, akapata kazi kulekule, akabaki. Kila akipiga simu ni "mwakani, kaka". Siku hizi hakuna anayetundika. Bibi tumemzika, jiko lake limeanguka, na migomba imezidiwa na magugu hata mimi sijui tena wa mdogo wangu ni upi.

Mashine ya jirani ikalia, mlango ukaachia. Kabla mwenyewe hajasogea nilishaingiza mkono.

"We kaka! Khanga zangu unazipapasia nini?"

 Nikaendelea tu, pindo baada ya pindo, mpaka la mwisho. Yote matupu.